Mwalimu wa Mkataba

Karatasi iliyonipeleka Botswana ilinionya mapema nisije nikazoea. Mkataba wa miaka miwili, ambao ungeweza kuongezwa iwapo hapatapatikana raia mwenye sifa wa kushika nafasi hiyo. Niliisomea nje ya posta ya Dodoma mwishoni mwa 1987, jua la saa saba likiniwakia utosini. Wenzangu niliowaonyesha jioni ile walikimbilia tarakimu za mshahara. Mimi sharti lile ndilo lililonikaa kichwani. Sikuwa nimewahi kuona mwajiri anayekupa kazi huku akikueleza kwamba atakayekuondoa ameshaanza kusomeshwa.

Nieleze kwanza tulikokuwa, maana vijana wa leo wakisikia mwalimu alikwenda nje hudhani alifuata starehe. Mimi ni Mgogo, mzaliwa wa upande wa Kongwa, na nilisomeshwa bure kuanzia sekondari mpaka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shule zikifungwa tulipewa waranti za treni. Tukirudi tulikuta madaftari, magodoro na maharage ya serikali. Baada ya kidato cha sita nikaingia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazini kwanza, kwa sababu Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi ndipo apelekwe chuo kikuu. Nilipoanza kufundisha hisabati mwaka 1982 nilijua vizuri ni jasho la nani lililonifikisha ubaoni. Tuliambiwa hilo kila siku, nami niliamini. Bado naamini.

Ila imani hainunui sabuni. Vita vya Kagera vilikwisha 1979 vikaiacha hazina tupu. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi, wenye mali walitupa khanga na mafuta ya kupikia mitaroni usiku, sisi asubuhi tukapanga foleni kama kawaida. Mwaka uliofuata maduka yakaanza kujaa tena vitu vya nje, lakini bei zake hazikuwa za mwalimu. Shilingi ikashushwa 1986 na haikuacha kushuka. Shuleni kwetu mwalimu wa jiografia aliuza maandazi kupitia dirisha la sebule yake, wa kemia alikuwa na ubia kwenye mashine ya kusaga, na mimi nililima uwele nikafuga mbuzi. Chaki zilikwisha kabla ya nusu ya muhula. Zilipokwisha tuliandikia vipande vya muhogo mkavu, na muhogo mkavu huandika vizuri kuliko mnavyodhani.

Habari za Botswana nilizipata kwa mtu niliyesoma naye Mlimani. Aliandika kwamba kule wanatafuta walimu wa hisabati na sayansi kwa udi na uvumba, na kwamba pula yao unaibadilisha benki yoyote bila kumpigia mtu magoti. Nikaandika maombi, nikajibiwa. Kuruhusiwa kuondoka ndiko kulikokuwa kazi. Faili langu halikuonekana kwenye ofisi moja. Lilipoonekana, mwenye kulisaini hakuwapo. Aliporudi akaniuliza kama sina haya, mtu uliyesomeshwa na wakulima unakwenda kufundisha watoto wa matajiri. Sikumjibu. Swali lake lilikuwa la haki, na nimeishi nalo tangu siku ile.

Baba yangu aliuliza swali jingine.

"Huko kuna ng'ombe?"

"Wapo, baba. Wanasema ni wengi kuliko watu."

Akacheka mpaka ugoro ukamtoka. "Basi nenda. Ukishindwa kufundisha utachunga."

Nilipanda TAZARA Dar es Salaam mwanzoni mwa Januari 1988. Reli ile, kilomita 1,860 walizozijenga Wachina nasi kati ya 1970 na 1975, ilikuwa bado na heshima yake wakati huo. Behewa la chakula lilikuwa na kuku na wali. Mlimba walituuzia ndizi, Makambako tukavaa masweta, Tunduma maofisa wa pande zote mbili wakapita ndani ya mabehewa wakigonga mihuri. Kutoka Kapiri Mposhi ni basi mpaka Lusaka, kisha treni nyingine mpaka Livingstone, na Zambia wakati huo ilikuwa na njaa yake: kila kituo watu waliulizana unga umefika wapi. Nikajisikia niko nyumbani.

Siku hizi Kazungula kuna daraja, lilifunguliwa 2021. Sisi tulivuka Zambezi kwa pantoni, malori yakisubiri zamu kwenye foleni ambayo madereva walikuwa wameshaifanya kijiji, wakipika na kufua chini ya magari. Upande wa pili ofisa wa uhamiaji alipindua kurasa za pasipoti yangu, akaisoma barua, akainua macho.

"Hisabati?"

"Hisabati."

Akaita mwenzake kutoka chumba cha ndani aje kuniona.

Kutoka pale tulishuka kusini kupitia Nata. Katikati ya pori, basi likasimama penye geti la waya uliokwenda mpaka macho yanaposhindwa. Abiria wote tukashushwa, wazee kwa watoto, tukaambiwa tukanyage gunia lililoloweshwa dawa. Aliyekuwa na viatu vingine begini alivitoa, navyo vikakanyagishwa kwa mkono. Nikadhani ni kipindupindu. Mama mmoja akanieleza kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba ni kwa ajili ya ng'ombe: ugonjwa wa miguu na midomo usivuke kwenda kusini, kwa sababu nyama yao inauzwa Ulaya. Mimi niliyekulia kwenye zizi nilisimama pale soli zikinichuruzika dawa, nikawaza ng'ombe wetu wa Kongwa waliokufa kwa homa huku daktari wa mifugo akisubiri petroli. Nchi inayowafuta watu viatu kwa ajili ya mifugo nilijua nitaelewana nayo.

Shule niliyopangiwa ilikuwa kaskazini ya Francistown, katika nchi ya Wakalanga. Ilikuwa mpya, rangi bado inanuka. Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka uliofuata almasi zikaonekana Orapa, mgodi ukafunguliwa 1971, na ule wa Jwaneng 1982. Fedha ile wangeweza kuila. Badala yake walijenga sekondari za chini vijijini, nyingi kwa ramani moja, na mwaka ule ule wa 1988 wakafuta ada za sekondari. Watoto wakaja kwa wingi kuliko walimu waliokuwapo nchini. Ndiyo maana tuliitwa.

Chumba cha walimu kilikuwa mkutano wa mataifa. Fizikia Mghana, biolojia Mganda aliyekuwa amekimbia nchi yake enzi za Amin na kufundisha Kenya na Zambia kabla ya kufika pale, Kiingereza kijana wa Kimarekani wa kujitolea, wa Peace Corps, aliyelala na dirisha wazi katika baridi ya Julai. Wazimbabwe wawili. Wabotswana walikuwa mkuu wa shule, walimu wa Setswana na wa kilimo, na mwalimu mmoja wa maarifa ya jamii. Wakati wa chai tulilinganisha mishahara ya makwetu, na Mganda ndiye aliyeshinda siku zote kwa udogo.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa na maji ya bomba ndani. Niliposikia birika linaita juu ya jiko la gesi usiku wa kwanza, nilimkumbuka mke wangu aliyebaki na watoto wawili na ndoo. Walinifuata mkataba wa kwanza ulipoisha. Mtoto wetu mkubwa alijifunza Kikalanga kwa kucheza mpira, akakijua kuliko Kigogo, na tulipomrudisha Dodoma kusoma alifeli Kiswahili vibaya sana. Mwalimu wake alituita kutuuliza kama nyumbani tunazungumza Kizulu.

Kuhusu lugha nisimhukumu mtu. Watoto wa pale walikuwa na Kikalanga chao cha nyumbani, ambacho hakikuruhusiwa shuleni. Setswana ya taifa. Na Kiingereza cha mtihani. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa kusema Kigogo darasani, kwa hiyo ule mzigo niliutambua. Chakula ndicho kilichonifariji. Ugali wa mtama walikuwa nao, na jirani yangu, mpishi wa shule, aliponiletea delele niliangalia bakuli nikakuta ni mlenda. Mlenda mtupu, wenye kuvutika. Nilikula mpaka mama yule akaogopa.

Vitabu vya hisabati vilitungwa kwa ajili ya mitihani ya Cambridge, na katika vitabu hivyo mabafu yalikuwa yakijaa maji bila kukoma. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuoga kwenye bafu la aina hiyo. Nikatunga hesabu ya kisima: injini ya dizeli inavuta lita kadhaa kwa saa, kuna ng'ombe 200, kila mmoja anakunywa lita 40 kwa siku, je, injini iwake saa ngapi? Nikaandika ubaoni nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu. Kimya. Kisha mkono ukainuka nyuma kabisa, wa kijana mkubwa kuliko wenzake, miaka 17 na yuko kidato cha kwanza kwa sababu alikuwa amechunga kwa babu yake tangu utotoni.

"Sir, ni kiangazi au masika?"

"Kwa nini?"

"Kiangazi malisho yako mbali. Ng'ombe wanakunywa leo, kesho hawaji, wanakuja keshokutwa. Na hawaji wote siku moja, kisima hakitoshi."

Darasa likalipuka. Kila mwenye kaka kwenye zizi la mbali alikuwa na la kusema: ndama wanakunywa kiasi gani, injini ikichemka inapumzishwa muda gani. Nikafuta ubao tukaanza upya. Tuliigeuza hesabu ile kwa vipindi vyote vya wiki, na mwishowe tukawa na makundi mawili ya ng'ombe yanayopishana, jambo ambalo kitabu kilipanga lifundishwe mwaka unaofuata. Kijana yule hakuwa hodari wa kuandika. Kichwani alikuwa na namna ya kuona kitu kizima kabla hajakikata vipande, na sifa hiyo haifundishwi.

Likizo moja nilikwenda Serowe kwa sababu maalumu. Mlimani tulisoma Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967 tukidhani ni sisi peke yetu duniani tuliowaza hivyo. Kumbe Serowe, Patrick van Rensburg, mzungu wa Afrika Kusini aliyeacha kazi ya ubalozi kwa kuuchukia ubaguzi wa rangi, alikuwa amefungua shule ya Swaneng Hill tangu 1963, wanafunzi wakijenga madarasa yao wenyewe, na kutoka hapo zikazaliwa zile zinazoitwa Brigedi, za useremala, ujenzi, ufumaji. Nilipofika, shule ilikuwa imeshachukuliwa na serikali na kufanana na nyingine zote. Fundi mmoja mzee alinionyesha ukuta alioujenga akiwa mwanafunzi. Aliusukuma kwa kiganja kuniridhisha kwamba haujalegea. Nilimwuliza kwa nini mambo yale hayakudumu. Akasema wazazi walitaka watoto wao wavae tai. Nimesoma vitabu vinene juu ya kushindwa kwa Elimu ya Kujitegemea, na sikumbuki sababu iliyotajwa humo iliyolizidi jibu hilo.

Nisije nikawapamba. Kulikuwa na neno walilotuita sisi Waafrika tuliotoka mbali, makwerekwere, na nililisikia kwenye maduka ya Francistown, kwenye basi, mara moja hata kwa mzazi. Silipendi mpaka leo. Ila sisi nasi Tanzania hatukukosa majina ya kuwaita wakimbizi, na kijijini kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Matokeo ya mtihani yalipotoka, mkuu wa shule alikwenda kgotla, baraza la wazee chini ya mti na uzio wake wa magogo, akasimama kueleza kwa nini fulani na fulani wamefeli. Walimu tulikaa kwenye viti vifupi tukisubiri kuulizwa. Sijapata kuona kwingine mwalimu akiwajibishwa hivyo bila kutukanwa. Mzee mmoja alisimama akanigeukia mimi. Nilijiandaa kutetea wastani wa darasa langu. Akataka kujua Nyerere, baada ya kung'atuka, anaishi kwa kula nini.

Hakuuliza kwa mzaha. Tulikuwa wote nchi za mstari wa mbele dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, na wao ndio waliokuwa jirani na moto. Tarehe 14 Juni 1985 makomando wa Afrika Kusini waliingia Gaborone usiku wakaua watu 12. Machi 1988, mimi nikiwa bado najifunza majina ya wanafunzi, wakaingia tena na kuua. Kutoka kwetu mpaka Gaborone ni mbali, lakini walimu walilala taa zimezimwa. Ilipofika Februari 1990, siku moja baada ya Mandela kutoka gerezani, mkuu wa shule alipiga kengele katikati ya kipindi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya moto wa jikoni.

Miaka ikaenda. Mkataba ukaisha, ukaongezwa, ukaisha, ukaongezwa. Nilinunua kiwanja Ipagala, Dodoma, nikajenga kidogo kidogo, nikapeleka nyumbani pikapu iliyokwishatumika kama walivyofanya Watanzania wengi waliokuwa kule. Kila mwisho wa mkataba nilipata kiinua mgongo, na kila mwanzo wa mwingine nilisaini lile lile sharti la raia mwenye sifa. Lilikuwa si maneno ya karatasini tu. Chuo cha ualimu kilifunguliwa Tonota, karibu na Francistown; Chuo Kikuu cha Botswana kikapanuka; mwaka mmoja nafasi ya Mghana ikachukuliwa na binti wa Molepolole, mwaka mwingine ya Mzimbabwe. Mghana aliondoka amenuna. Mimi niliona ni halali kabisa. Serikali inayojaza nafasi zote na wageni na kusahau kuwasomesha wake ni serikali ya uvivu, na inayowafukuza wageni kabla ya kuwasomesha wake ni ya majivuno. Hawa walipanga hesabu yao wakaifuata.

Mwaka 1997 Peace Corps walifunga shughuli zao wakaondoka, kwamba Botswana imeendelea vya kutosha. Mwaka huo huo aliyetakiwa kunipokea alifika. Alishuka kwenye basi na sanduku jipya na shati jeupe: yule kijana wa ng'ombe wa kiangazi. Alikuwa amemaliza sekondari, akatumikia taifa mwaka mmoja katika Tirelo Setshaba, mpango wao uliofanana na JKT yetu, akasoma stashahada Tonota. Aliendelea kuniita Sir mbele ya wanafunzi mpaka nikamkataza. Tuliamua afundishe kidato cha kwanza, mimi nimalize na wakubwa, kisha mkataba wangu ukiisha achukue idara.

Wakati huo ndipo Jumamosi zilipoanza kujaa. Kule huzika Jumamosi alfajiri, baada ya mkesha wa Ijumaa. Unakwenda na blanketi, wanawake wanaimba ndani ya hema, vijana wanachinja, vyungu vya chuma vya miguu mitatu vinatokota nyama usiku kucha, na jua likichomoza jeneza linashushwa. Mwanzoni nilihudhuria mazishi mara moja moja. Baadaye ikabidi tugawane, wewe nenda kwa fulani, mimi niende kwa fulani. Juu ya makaburi yao huweka kichanja cha chuma kilichofunikwa neti ya kivuli, na jina kwenye kibati. Makaburi ya kijiji chetu yalikuwa upande wa magharibi wa barabara. Yakavuka barabara. Husomwa historia ya marehemu, na katika kila historia marehemu alikuwa ameugua kwa muda mfupi. Tarehe za kuzaliwa zilizosomwa ndizo zilizosema kilichobaki: 1968, 1971, 1974. Nilikuwa nimezizoea tarehe hizo kutoka kwenye daftari la mahudhurio.

Kufikia mwishoni mwa 2001, Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini humo alikuwa na virusi vya UKIMWI. Rais Festus Mogae alisema hadharani kwamba taifa linatishiwa na kutoweka. Darasani hilo lilikuwa na sura yake. Wasichana walikosa Jumatatu kwa sababu walikuwa wakiuguza. Mvulana wa kidato cha pili aliniomba nisimpe kazi ya nyumbani kwa kuwa jioni anapika kwa watu watano, na yeye ndiye mkubwa.

Mrithi wangu alianza kukohoa katikati ya 1998. Alikuja kazini mpaka alipokuwa hawezi kuinua mkono kufikia juu ya ubao. Akaandika nusu ya chini tu, wanafunzi wa mbele wakasimama pembeni ili wa nyuma waone. Nilikuwa nikimpelekea kahawa ya maziwa saa nne. Hatukuzungumzia ugonjwa hata siku moja. Tulizungumzia ng'ombe wa babu yake, alikuwa amerithi kumi na wawili, na kama inafaa kuwauza kabla ya kiangazi. Alifariki 1999. Nilisimama mkeshani na walimu wenzake, tukaimba.

Mwezi uliofuata nililetewa mkataba wa kusaini. Nafasi ilikuwa wazi, raia mwenye sifa hakuwapo. Nilikuwa nimeshafunga makasha; mke wangu alikuwa ametangulia Dodoma na watoto. Karani aliyeleta karatasi zile alinipongeza, na hakukosea, kwa mtu wa kawaida kuongezewa kazi ni heri. Nikasaini. Chumba cha wageni cha Ipagala, chenye marumaru ambayo wajukuu wangu wanateleza juu yake hivi sasa, kilijengwa kwa fedha ya mkataba huo. Sijapata mahali pa kuliweka jambo hili, na nimeacha kupatafuta.

Dawa za UKIMWI zilianza kutolewa bure na serikali Januari 2002, Gaborone kwanza, na mwaka huo huo Francistown, Serowe na Maun. Mwalimu mwenzetu wa sayansi, ambaye tulikuwa tumeshaanza kimya kimya kuchangia mazishi yake, alipelekwa hospitali ya Nyangabgwe mjini Francistown. Baada ya miezi akarudi kazini na suruali zilizombana. Tulikuwa na fedha kwenye bahasha na hatukujua tuifanyie nini. Yeye mwenyewe alipojua, akashauri tununue mbuzi, na ndiye aliyemchuna. Peace Corps nao walirudi 2003, safari hii kwa ajili ya UKIMWI.

Aliyenipokea hatimaye alifika Januari 2004. Nilimfundisha miaka ya tisini, binti mwembamba aliyekuwa akirudia hesabu ambayo ameshaipata ili kuona kama inaweza kupatikana kwa njia nyingine. Sasa alikuwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Botswana, miwani, na gari dogo jeupe. Mkuu wa shule, naye alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani, alitupa asubuhi moja kwa ajili ya makabidhiano. Nilikuwa nimepanga nimpe ushauri: mada ipi huwashinda, ni mzazi gani wa kumwogopa kgotlani.

Alitaka leja ya stoo. Akakaa chini sakafuni na kalamu, akahesabu vitabu vya kidato cha tatu rafu kwa rafu, akahesabu kompasi za mbao za ubaoni, akavuta droo. Nilisimama mlangoni na begi langu.

"Sir, hapa pameandikwa vitabu 62. Nimehesabu 59."

Nikamwambia vitatu viliazimwa na shule ya jirani, anaweza kuvifuata wakati wowote, watu wazuri wale.

"Barua ya kuazima iko wapi?"

Haikuwapo. Tulikubaliana kwa mdomo tu, mimi na mwalimu wao.

Akafunga leja akaiweka juu ya magoti yake. "Basi siwezi kusaini, Sir. Nikisaini vitakuwa vimepotea mikononi mwangu."

Basi la Francistown lilikuwa linaondoka saa nne. Nikaacha begi pale pale mlangoni, nikaazima baiskeli ya mlinzi, nikapiga kanyagio kilomita saba za mchanga kwenda kutafuta vitabu. Vilikuwapo viwili. Kile cha tatu nililipa, akaniandikia stakabadhi, na nikaondoka na basi la kesho yake.